Jogoo wa Mnada wa Kanisani

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kuhusu chui. Nilisoma chui hulala wapi mchana, faru huonekana upande gani wa kreta asubuhi, na kwa nini twiga hawashuki kule chini. Nilifanya hata mazoezi ya kusema "sijui" kwa sauti ya mtu anayejiamini. Kisha wageni wangu wa kwanza wakashuka kwenye gari mbele ya hoteli yao mjini Karatu, yule mama mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na swali lake la kwanza likawa hili:

"Binti, hekalu lenu liko wapi?"

Walikuwa mtu na mke wake kutoka Sri Lanka, Wabudha, wote walimu wastaafu. Mume alifundisha hesabu, mke alifundisha muziki. Waliniuliza hapa kwetu wazee huitwaje kwa heshima, nikawaambia, na tangu dakika ile wakataka kuitwa Babu na Bibi. Mimi nilikuwa na shahada ya utalii na kitambulisho kipya shingoni.

Bibi alinieleza desturi yao wakati dereva anashusha mabegi. Kila nchi wanayotembelea, kabla ya kuona kivutio chochote, huenda kwanza mahali ambapo watu wa pale wanasali. Walikuwa wamepanda ngazi za mahekalu ya Thailand mpaka magoti ya Babu yakagoma. Kule Nepal mtawa mmoja aliwapa chai yenye chumvi, wakainywa yote kwa adabu, akawaongezea. Japani mwanamke mmoja alifunga duka lake ili awasindikize, kwa sababu kuwaelekeza kwa mkono tu aliona hakutoshi. Na Arusha, siku moja kabla ya kufika kwangu, walikuwa wameingia katika hekalu la Wahindu wakatoka wameshiba.

"Ukifika nyumbani kwa mtu," Bibi alisema, "humsalimii kwanza mwenye nyumba, ndipo uangalie picha zake ukutani?"

Picha za ukutani, kwa maana hiyo, zilikuwa Ngorongoro.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Ratiba ilisema Jumapili alfajiri tushuke kreta. Nilimpigia bosi simu, nikamweleza kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wageni ni wako. Amua." Nadhani alikusudia kunitia moyo. Mimi nilikaa kwenye ngazi za hoteli nikitafuna kamba ya kitambulisho.

Dereva wetu alikuwa Mchaga wa Rombo, mtu wa makamo, ambaye kwa maneno yake mwenyewe aliijua Karatu kuliko sisi Wairaqw tuliozaliwa hapa. Akaja kusimama mbele yangu.

"Dada msomi, hiyo kamba ukiimaliza utakula nini jioni?"

"Kaka, wanataka kanisa. Niwapeleke lipi?"

"Kwani makanisa yamekwisha? Wapeleke hapo mjini, lina spika kubwa mpaka tembo wa msituni wanasikia neno."

"Hawataki spika. Wanataka watu."

"Basi wapeleke kwenu. Si kila siku unatuambia kwaya ya mama yako haina mpinzani? Leta ushahidi."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Tungeenda kanisani kwetu, kijijini juu ya Rhotia, na kreta ingesubiri Jumatatu. Usiku huo nililala vibaya. Je, kama mahubiri yangegusia sanamu? Je, kama mama angewaandalia kuku, nao walishaniambia hawali nyama? Mama yangu anaishi peke yake tangu baba afariki, na mgeni akija kwake akaondoka bila kula kuku, yeye huona ameaibika.

Asubuhi nilimpigia. "Mama, usichinje."

"Wana nini? Wanaumwa?"

"Hawali nyama."

"Hata kuku?"

*

Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma na liko juu ya kilima, upande wa chini mashamba ya ngano na mbaazi. Tulipofika mlangoni Babu na Bibi walivua viatu, wakavipanga vizuri pembeni, wakaingia pekupeku juu ya sakafu ya saruji ambayo asubuhi huwa ya baridi kama chuma.

Sikuwa nimeliwazia hilo. Nilikuwa nimewaza mambo mengine yote. Nilisimama pale mlangoni na viatu vyangu vya ngozi nikijiuliza: nikivua, nitaonekana ninaiga dini ya watu, nisipovua, nimewaacha wageni wangu peke yao. Wakati mimi bado nawaza, bibi mmoja wa benchi la nyuma, jirani yetu, aliangalia miguu ya Bibi, akainama, akavua raba zake. Halafu wa pembeni yake naye akavua. Benchi zima la wanawake wazee likakaa pekupeku, na ibada ikaanza. Nami nikavua, wa mwisho.

Kwetu mgeni hakai kimya kanisani. Wakati wa matangazo, wageni husimama, hujitambulisha, hupigiwa makofi. Babu alisimama akaunganisha viganja kifuani, nami nikatafsiri.

"Anasema wametoka mbali, wamekuja kuwasalimu."

"Karibuni saaana!" kanisa zima likaitika, na kwaya, bila kuambiwa, ikaanza wimbo. Mama alikuwa mstari wa mbele. Bibi alifumba macho, akawa anahesabu mapigo kwa kidole juu ya goti lake. Wimbo ulipokwisha alininong'oneza, "Yule wa mbele, mwenye kitambaa cha kijani, ndiye anayewashikilia wengine wote." Nikamwambia ni mama yangu. Sikukumbuka tena wasiwasi kwa dakika kadhaa.

Baada ya ibada ukaja mnada. Watu wa kwetu wengi hutoa sadaka ya kile walichonacho: mahindi, mayai, boga, kuku. Vitu hivyo huuzwa hapo hapo nje ya kanisa, watu wakishindana bei kwa furaha, na fedha inakwenda kwenye kazi za kanisa. Ukinunua waweza kuondoka na chako, waweza kukirudisha kiuzwe tena, au waweza kumpa mtu mwingine mbele ya wote. Hiyo ya tatu ndiyo inayopigiwa vigelegele.

Jogoo aliletwa mwisho. Alikuwa mwekundu, mkia mweusi unaong'aa kijani juani, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, na macho ya mtu aliyedhulumiwa. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye kifua kipana na sauti inayolingana nacho, akataja bei. Dereva wangu, ambaye hakuna aliyemwomba ashiriki, akapanda juu yake.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mchaga," mtu akajibu.

"Nilijua! Mchaga hawezi kuona kitu kinauzwa akanyamaza."

"Mzee, nyamaza wewe basi, nimchukue kwa raha," dereva akasema, watu wakacheka, bei ikapanda. Wakasukumana hivyo mpaka wanawake wakaanza kupiga vigelegele, ndipo dereva akainua mikono. "Nimeshindwa. Ninawaachia jogoo wenu, lakini mjue mmeuziwa na Mrombo."

Mzee alimshika jogoo, akaja naye moja kwa moja kwa Babu na Bibi. "Huyu nimemnunua mimi, na ninawapa wageni wetu. Wakanywe supu!"

Vigelegele. Watu wote wakanigeukia nitafsiri. Ningewaambia watu wasiokula nyama kwamba wamepewa supu? Au nimwambie mzee, mbele ya kanisa, kwamba zawadi yake haina kazi? Nikasema kwa Kiingereza, "Anawapa jogoo huyu kwa upendo." Supu niliiacha hewani.

Babu alimpokea jogoo kama mtu anayepokea mtoto mchanga, mkono mmoja chini, mmoja mgongoni. Jogoo akatulia. Bibi akanivuta pembeni.

"Ni wetu kabisa?"

"Kabisa."

"Tunaweza kuamua lolote juu yake?"

"Lolote."

Akaongea na mumewe kwa lugha yao, polepole, na nikaona Babu akikaza midomo. Kisha Bibi akanieleza. Wakirudi nyumbani, yeye mwenyewe atafanyiwa upasuaji wa moyo. Watoto wao hawakutaka wasafiri, lakini yeye alisema kama kuna safari imebaki, na iwe sasa. Kwao mtu akiwa anaelekea jambo kama hilo, huokoa uhai wa kiumbe kilichokuwa kinakwenda kuchinjwa. Humnunua ng'ombe, au samaki aliye hai, akamwacha aishi mpaka afe mwenyewe.

"Si dawa," alisema, kana kwamba amesikia swali langu. "Madaktari wanajua kazi yao. Ni kwa ajili yangu. Wakishanilaza pale, kabla sijasinzia, ninataka niwe na jambo jema la kukumbuka. Nikumbuke kwamba jogoo wa kule Karatu yuko hai."

Nikasema, "Ataishi." Lilitoka tu. Mimi ambaye hununua kiberiti nikifikiria mara mbili.

*

Tukamwacha jogoo kwa mama, "kwa leo tu", kwa maana Bibi tayari alikuwa na mpango. Alinieleza ndani ya gari.

"Ngorongoro hakuna mtu anayeruhusiwa kuua mnyama, sivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi hapo ndipo tutakapomwachia."

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Kisha akajikaza. "Bibi, samahani. Sheria hiyo chui hajasomewa."

Niliona uso wa Bibi. Nikasema upesi kwamba haifai kubishana kuhusu mahali ambapo hawajapaona, twende kwanza, waone wenyewe, kisha waamue. Hata leo nashangaa jinsi nilivyolisema kwa utulivu. Dereva alinitazama kwenye kioo akanyanyua nyusi.

Jumatatu tulipita getini mapema, ukungu ukiwa umelala kwenye miti. Juu ya ukingo, pale magari yanaposimama ili watu waione kreta, hatukuona kreta. Tuliona weupe tu. Pembeni alikuwepo mama wa Kimaasai amejifunika shuka, na mzigo miguuni, akisubiri gari la kwenda upande wa Wasso. Bibi akaniuliza lile swali lake: "Hapa mwenye nyumba ni nani? Tumsalimie wapi?"

Nilimgeukia yule mama nikamuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, chenye Kimaasai ndani yake.

"Sisi hatuna nyumba ya Mungu ya kufunga mlango," alisema. "Mimi nimetoka Piyaya. Kule naomba nyuma ya ng'ombe. Hapa naomba hapa."

"Mnaomba na nini?"

Aliniangalia kama vile nimeuliza maji huchotwa na nini. Akainama, akang'oa majani mabichi, akampa Bibi fungu dogo, na mengine akayashika yeye. Akasema maneno kwa lugha yake, akitaja mara kwa mara "Enkai", jina lao la Mungu, na Bibi akainamisha kichwa. Bibi alikuwa na ua jeupe alilochuma bustanini hotelini. Akampa.

"Anaumwa nini huyu?" mama yule aliniuliza.

Sikuwa nimemwambia kwamba anaumwa.

"Moyo."

"Eeh," alisema. "Mwambie ashuke polepole. Na wewe acha kula hiyo kamba."

Ukungu ulipoinuka tukashuka. Waliona simba wamelala, faru mmoja kwa mbali sana ambaye ilibidi tumwamini, na pundamilia wengi mno hata Babu akaacha kupiga picha. Lakini jambo lililoamua habari ya jogoo halikufanywa na simba. Tulifika penye bwawa la viboko, mahali ambapo wageni hushuka kula. Nikatoa onyo langu nililolikariri: kuleni ndani ya gari, mwewe wa hapa hawana adabu. Babu akasema atakula wima kidogo tu, anyooshe magoti. Alikuwa ameinua kipande cha chapati kuelekea mdomoni. Kivuli kikapita, upepo ukampiga usoni, na mkono ukabaki mtupu hewani, vidole bado vimeshika umbo la chapati.

Hakuumia. Alisimama vile vile kwa muda, akaangalia vidole vyake, akaangalia juu. Kisha akamgeukia mkewe akasema jambo, na Bibi akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Anasema nini?" dereva aliuliza.

"Anasema," Bibi alijifuta macho, "amefundisha hesabu miaka yote, ana fimbo, ana kofia, na ameporwa mchana. Jogoo wetu hapa hafiki jioni."

*

Jioni hiyo tulirudi kwa mama. Alikuwa amepika makande na mboga, meza imejaa. Nilikaa katikati kama daraja, nikamweleza ombi lao.

"Nifuge jogoo asiyeliwa," mama alisema polepole.

"Ndiyo."

"Krismasi?"

"Hata Krismasi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe mwenyewe, mama."

"Sasa jogoo anazeeka? Mimi sijawahi kumwona jogoo mzee." Akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu. "Kuna nini?"

Nikamwambia habari ya upasuaji. Mama aliacha kijiko. Alivuta kiti chake mpaka karibu na Bibi, akamshika mkono, akaanza kumwambia maneno mengi kwa Kiiraqw, lugha ambayo Bibi hakujua neno lake hata moja. Nilifungua mdomo nitafsiri. Bibi akaniashiria nisijisumbue.

Wakaondoka kesho yake. Babu aliniambia kwamba nimewaongoza vizuri, na bosi naye baadaye aliniita nikaendelea na kazi. Lakini kazi haikuwa tena kitu kilichoninyima usingizi. Niliyekuwa nimemwahidi Bibi uhai ni mimi, na kiumbe chenyewe kilikuwa kuku wa kienyeji, kiumbe ambacho dunia nzima ya kwetu inakiona kama chakula kinachotembea.

Nilikuwa nikipanda kwenda kijijini kila nipatapo nafasi. Niliwaogopa mwewe, vicheche, mbwa wa jirani, wajomba. Jogoo mwenyewe hakuogopa kitu. Aligundua mapema kwamba haguswi, na akawa na kiburi cha mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Alilala juu ya paa la jiko, aliwika saa zisizo zake, akawafukuza watu uani. Nilimpiga picha nikaituma Sri Lanka. Babu alijibu, "Amenenepa kuliko mimi." Halafu siku nyingine akaandika kwamba siku ya upasuaji imepangwa, ni mwezi ujao.

Ndipo maneno yakaanza. Kijiji kiliona jogoo haliwi, kikauliza kwa nini. Kwetu mnyama aliyetengwa, asiyechinjwa wala kuuzwa, watu humhusisha na mganga. Nilisikia kwanza kisimani: jogoo wa mganga. Kisha yule mzee wa kanisa, yule yule wa mnadani, akaja nyumbani na uso wa kazi. Nilikuwepo.

"Mama mwimbaji," alianza, "watu wanasema. Si mimi. Watu."

"Wanasema nini?"

"Kwamba una jogoo wa mambo ya kienyeji. Na wewe uko mstari wa mbele kwaya."

Jogoo akatokea nyuma ya ghala, akamtazama.

"Huyu?" mama alisema. "Wewe ndiye uliyemnunua. Kanisani, baada ya baraka, mbele ya mchungaji. Mganga ni wewe basi?"

"Mimi nilisema wakanywe supu!"

"Ulisema unawapa. Ukishatoa, umetoa. Au sadaka yako ina kamba mguuni?"

Jogoo hakumpa mzee nafasi ya kujibu. Alishusha bawa, akamjia pembeni pembeni, na mzee wa kanisa akaondoka uani kwa hatua ndefu huku akishikilia kofia. Mama alinigeukia. "Sikumfundisha," alisema.

*

Wiki mbili au tatu kabla ya upasuaji tukasikia kuna kideri upande wa Mbulumbulu. Aliyefuga kuku anajua neno hilo linavyosikika. Kuku anaamka amejikunyata, shingo inapinda, na kabla wiki haijaisha banda ni tupu. Hakina dawa. Kuna chanjo tu, tone moja jichoni, na lazima itangulie ugonjwa, kwa kuwa mwili huhitaji muda wa kujikinga.

Usiku nilifikiria kila kitu. Nilifikiria kumhamishia jogoo chumbani kwangu Karatu mjini, ambako mwenye nyumba hataki hata paka. Nilifikiria pia jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi ninayeweza kumpata sokoni, akakaa juu ya paa lile lile, na picha zikaendelea. Wazo hilo halikukaa. Bibi hakuwa anataka picha. Alitaka kulala pale mezani kwa madaktari na kitu cha kweli kichwani.

Nilienda duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanionyesha kichupa kidogo kama kidole. "Kinatosha kuku wa kijiji. Ukishakifungua hakikai, kitumie hapo hapo."

Kuku wa kijiji. Nilikinunua, nikarudi nyumbani nikilifikiria hilo, na kwa mara ya kwanza mawazo yangu mengi yalikwenda upande wenye faida. Kumchanja mmoja katikati ya mia wagonjwa ni kujidanganya. Kama nilitaka jogoo wa Bibi aishi, ilibidi kuku wa jirani zangu nao waishi, pamoja na wale wa waliomwita jogoo wa mganga.

Jumapili niliomba nafasi kwenye matangazo. Mimi, ambaye shuleni nilijificha chooni siku za mdahalo. Nilisimama mbele nikasema: kideri kiko Mbulumbulu, kesho asubuhi nina chanjo nyumbani kwa mama, bure, mtu asifungulie kuku wake, awalete.

"Ni ya yule jogoo?" mtu akauliza kutoka nyuma, na kicheko kikapita.

"Ni ya yule jogoo," nilisema. "Yeye hataki kuugua peke yake, wala hataki muugue bila yeye."

Walicheka zaidi, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika.

Asubuhi walikuja. Walikuja na kuku kwapani, kwenye matenga, kwenye mifuko ya mbolea iliyotobolewa, na yule bibi jirani aliyevua raba zake kanisani akaja na kuku mmoja tu, amemfunga kwenye kanga kama mjukuu. Mama aliwashika, mimi nikadondosha. Nilianza na jogoo wetu, ambaye alinidonoa kidole nikatoka damu. Dereva wangu, aliyesema anapita tu, alivua koti akawa anapanga foleni. "Wageni upande huu! Mwenye tembo arudi nyumbani!"

Mwisho kabisa, jua limeshapanda, akaja mzee wa kanisa na tenga kubwa, akalitua mbali kidogo na mlango.

"Zimebaki?" aliuliza, akiangalia pembeni.

"Zimebaki, mzee. Karibu."

"Mshikeni kwanza huyo," alisema, akionyesha paa la jiko kwa kidevu.

*

Siku ya upasuaji nilikuwa kreta na wageni wengine, familia yenye watoto waliotaka kumwona faru na wakamwona. Nilijua kazi yangu siku hiyo. Nilijibu maswali ya chui. Lakini kule chini simu haina mtandao, na kila nilipomtazama mwewe nilimkumbuka Babu na mkono wake mtupu. Kideri kilikuwa kimefika mpaka kijiji cha jirani. Cha kwetu kilikuwa kimekiruka, au kilikuwa bado njiani. Hakuna aliyeweza kuniambia.

Jioni gari lilipanda ule ukuta wa kreta, na karibu na ukingo simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Jina la Babu likatokea. Sikufungua. Niliona kama nikifungua kabla ya kujua habari ya kwetu nitakuwa nimekwenda mikono mitupu. Nikampigia mama.

"Mama, jogoo?"

"Jogoo amefanya nini tena?"

"Yupo?"

"Atakwenda wapi? Yuko juu ya paa. Amemkimbiza mzee wa kanisa tena, alikuja kuniletea mbaazi." Kisha akauliza: "Yule mama mwenzangu?"

"Sijafungua."

"Fungua, mwanangu."

Dereva aliegesha pale penye mandhari, wageni wakashuka na kamera zao. Nilifungua. Ilikuwa picha. Bibi ameegemea mito, mirija mkononi, nywele zimefungwa vibaya kama za mtu ambaye mumewe ndiye aliyezifunga, na macho yake wazi. Chini Babu alikuwa ameandika: "Wangu ameamka, anadai uji. Wako je?"

Niliisoma kwa sauti, dereva akasikia. Akatoa kitambaa mfukoni, akajifanya anafuta kioo cha pembeni.

"Mjibu basi, dada msomi. Unawaza nini tena?"

Sikuwa ninawaza kitu. Niliandika: "Wangu yuko juu ya paa. Anagombana na kanisa." Nikatuma, nikaenda kuwaonyesha watoto wa wageni mahali tulipomwona faru.